Bi Gramu na Mpangaji Asiyehama

Mimi ni mkaguzi wa mizani, na kazi yangu ni kutoamini. Nikiingia dukani na muuzaji akanipokea kwa tabasamu, naanza kuchungulia chini ya sahani ya mizani yake. Nimeshakuta huko sumaku, misumari, kipande cha risasi kilichokunjwa vizuri kama bahasha, na siku moja pipi ya mpira iliyotafunwa, bado ina alama za meno. Mwenye meno alikuwa amesimama mbele yangu akiapa. Kitu pekee nilichokuwa nakiamini bila maswali ni jiwe langu la mizani la nusu kilo, la chuma, nililokabidhiwa siku niliyoajiriwa. Sokoni wananiita Bi Gramu. Wanadhani sijui.

Saa ya chakula cha mchana huwa naipitishia kwenye maktaba ya mji. Si kwamba nilikuwa mpenzi wa vitabu. Ofisini kwetu watu wanasogoa mpaka masikio yanawasha, na maktabani kuna mtu aliyeajiriwa kuwanyamazisha. Mtu huyo ni mkutubi, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kifuani. Kwa miaka thelathini amewaambia watu "shh" mpaka naye ameishiwa maneno. Anaongea kwa kunong'ona, neno moja au mawili, mengine unajaza mwenyewe. "Viatu," atakuambia, maana yake unaburuta miguu. "Ndizi," aliniambia mimi, maana yake ameniona ninavyokula chini ya meza.

Siku moja aliniwekea kitabu juu ya majedwali yangu ya vipimo.

"Soma," akanong'ona.

"Cha nini?"

"Uso."

Maana yake uso wangu ulikuwa umekunjamana na yeye amechoka kuutazama. Kitabu kiliitwa *Mpangaji Asiyehama*. Jaladani palikuwa na nyumba ya ghorofa, mwanamke mwenye tochi, mwanamume mwenye spana, na juu yao kivuli kilichoshika mwavuli. Nilikigeuzageuza kama ninavyogeuza mzigo uliofungwa vizuri kupita kiasi. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Nyingine mbili ziliazimwa zikaenda moja kwa moja, kwa hiyo hii ililala kwenye mtoto wa meza ya mkutubi na kusomewa humohumo ndani.

Nilisema nitasoma ukurasa mmoja, nipate sababu ya kukikataa. Siku hiyo nilichelewa kurudi kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kipuuzi, na niliipenda kweli. Msichana mshonaji anarithi nyumba ya ghorofa tatu. Ghorofa ya juu anaishi mpangaji aliyekufa miaka miwili iliyopita na ambaye hataki kuhama, kwa madai kwamba mkataba wake haujaisha. Ni mzimu mwenye adabu zake, anakunja shuka, analalamikia kelele za cherehani. Anajua alisukumwa kwenye ngazi, ila hakumbuki nani alimsukuma. Na ana udhaifu mmoja: mtu akisema uongo karibu naye, anapiga chafya. Basi mshonaji anawaalika watu wa mtaa mmojammoja, na shangazi yake pia, na kuwahoji, huku chafya zikitoka darini. Halafu kuna fundi bomba, kijana wa mikono mikubwa na maneno machache, anayekuja kutengeneza bomba lilelile la jikoni wiki baada ya wiki. Kila akija, mshonaji anaunguza nguo ya mtu kwa pasi.

Mimi nilimshuku fundi bomba tangu sura ya pili.

Ukurasa wa arobaini na saba nilikuta maandishi ya penseli pambizoni. "Shangazi anajua mwavuli uliko. Jumatano." Damu ilinichemka. Kitabu cha umma! Nikakibeba hadi kwa mkutubi nikamwonyesha kwa kidole.

"Mwenzako," akanong'ona.

"Mwenzangu nani?"

"Asubuhi." Akainua mabega. "Jina, hapana."

Ndiyo kanuni yake: nani anasoma nini ni siri ya maktaba, na hata ungemning'iniza dirishani asingesema. Nilirudi mezani, nikatoa penseli yangu, nikaandika chini ya yale maandishi kwa herufi za ripoti: "NI KOSA KUANDIKA KWENYE MALI YA UMMA." Kesho yake nikakuta jibu.

"Kweli. Sasa wakosaji tuko wawili. Ijumaa."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mkutubi akaniambia, "Meno."

Ndivyo ilivyoanza. Mwenzangu alisoma asubuhi maktaba ikifunguliwa, mimi mchana, na kila alichoandika alikiwekea siku. Alama ya ukurasa wangu ilikuwa uzi mwekundu, yake kipande cha kadi ya manila. Tukakubaliana hapohapo pambizoni kwamba kila siku ni sura moja, na hakuna kumpita mwenziwe.

"Fundi bomba ndiye muuaji," niliandika kwenye sura ya tisa. "Bomba haliharibiki mara nne kwa mwezi mmoja. Analilegeza mwenyewe."

"Ni kweli analilegeza. Umejiuliza kwa nini? Jumatatu."

"Apate kuingia humo ndani aharibu ushahidi."

"Au anapenda kurudi. Jumanne."

"HAPANA," nikaandika, na kupiga mistari miwili chini yake, kama ninavyofanya kwenye karatasi ya kukataa mizani.

Nyumbani naishi na mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Ana miaka sabini na masikio ya msichana wa ishirini.

"Unaimba," aliniambia jioni moja nikiosha vyombo.

"Siimbi."

"Unaimba. Na jana umepaka nywele mafuta ya kunukia, unakwenda kupima mizani. Nani huyo?"

"Ni kitabu, mama mdogo."

"Kina ndevu hicho kitabu?"

Nilimwambia aache maneno yake. Lakini usingizi ulinipaa nikiwaza: nani? Kwenye kona ya ukurasa wa themanini palikuwa na alama ya kidole, nyeusi, ya grisi. Basi nikaanza kuangalia vidole vya watu. Nilivitazama vya mtengeneza baiskeli, vya mchonga funguo, hata vya daktari wa meno, ambaye aliniuliza kama kuna tatizo. Nilitamani sana kumjua na niliogopa vilevile, na ngoja niseme kwa nini.

Miaka tisa iliyopita nilichumbiwa na muuza sukari. Alinibebea mkoba, alinisifia sauti, alimletea mama mdogo khanga mbili. Siku niliyokataa mizani yake ndiyo siku uchumba ulipoisha. Hakutaka mke, alitaka muhuri. Tangu hapo mwanamume akinisifia, nachungulia chini ya sahani.

Na kwa wakati huo nilikuwa na mtu mmoja wa kumchunguza zaidi ya wote, fundi mizani wa sokoni. Mizani zote zilizoharibika mjini zilipita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mjane, mwenye upole uliokuwa ukiniudhi. Mizani ya zamani inaruhusiwa kukosea gramu tano, lakini iliyotoka kwa fundi haivumiliwi zaidi ya gramu moja. Mwezi ule nilikuwa nimekataa tatu zake, zote kwa gramu mbili pungufu, na kila moja ilinibidi nirudi kuipima upya, na bado ikagoma. Nilipompa karatasi ya kukataa ya kwanza aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Asante, mkaguzi. Karibu tena." Ya pili, hivyohivyo. Nani anashukuru kwa kukataliwa? Nikajiambia huyu bwana ananivika kilemba cha ukoka, na nikamwekea alama moyoni.

Tulipofika sura ya kumi na tisa, ukurasa wa mia moja themanini na nane, mwenzangu aliandika: "Kesho saa kumi, benchi la mbele ya maktaba. Tuambiane ana kwa ana nani muuaji. Nitaleta karanga. Jumatano."

Alhamisi nilipiga pasi blauzi yangu mara mbili. Saa kumi kasorobo nilikuwa nimeshafika, lakini si kwenye benchi. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya ubao wa matangazo, nikijifanya nasoma tangazo la mbuzi aliyepotea. Nilitaka nimwone kabla hajaniona. Kazi ni kazi.

Saa kumi kamili alikuja fundi mizani. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaketi, akaweka pakiti ya karanga katikati ya benchi, akatazama barabara.

Kumbe! Na ile kadi ya manila, nilikuwa naiona kila wiki ikining'inia kwenye mizani zilizotoka kwake, imeandikwa tatizo na siku. Nilijiona mjinga wa mwisho. Mwandiko wangu alikuwa anaujua, karatasi tatu za HAPANA nilishampa. Alijua ni mimi tangu mwanzo. Mzaha wote ule, shangazi, mwavuli, chafya, kumbe njia ya kuufikia muhuri wangu. Muuza sukari alibeba mkoba, huyu kabeba penseli.

Alikaa dakika ishirini na tano. Hakula hata karanga moja. Alipoondoka alitazama nyuma mara mbili, na mimi nilibaki nimeshika ubao mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimchukia, na nilitaka arudi akae tena.

Ijumaa mchana niliandika chini ya mwaliko wake, nikikandamiza penseli: "Najua wewe ni nani na najua unachotaka. Unataka muhuri. Mizani yako haitapita, hata uniandikie kitabu kizima." Kisha nikafunga kitabu kwa kishindo. Mkutubi alinitazama kwa miwani zote mbili.

Jumamosi na Jumapili zilipita polepole. Jumatatu nilifika maktabani nimejiandaa kwa jibu lake: atakana, atabembeleza, atatukana. Chini ya maneno yangu hapakuwa na kitu. Kurasa za mbele sikuzigusa, mimi sichungulii mbele ya sura niliyofikia. Nilikwenda kwa mkutubi.

"Mwenzangu yuko wapi?" nikanong'ona.

Mzee alivua miwani, akatikisa kichwa.

"Ametangulia."

Nikashika ukingo wa meza yake.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hii? Ghafla hivyo?"

"Ghafla." Akaonyesha kwa kidole kiti cha dirishani, kiti changu. "Pale. Nilimwona."

"Alisema chochote?"

Mkutubi alifikiri kidogo. "Amechoka kusubiri."

Nilimpa pole. Aliipokea huku amekunja kipaji, akaenda kumwambia mtu "Simu." Mimi nikatoka nje sioni ninapokanyaga.

Nilikwenda sokoni moja kwa moja. Kibanda cha fundi mizani kilikuwa na kufuli. Muuza nyama wa jirani alinyoosha kisu kuelekea mlangoni.

"Hajafungua leo, mkaguzi. Si kawaida yake."

"Hatafungua," nikasema. "Ametangulia. Jumamosi, maktabani, kwenye kiti."

Muuza nyama aliweka kisu chini, akavua kofia. "Una hakika?"

"Nimeambiwa na aliyeshuhudia."

Pale sokoni, nikisema kitu kina nusu kilo, hakuna anayethubutu kupima upya. Kabla sijafika lango la kutokea, niliwasikia wauza mboga wakipokezana maneno yangu. Mimi ninayepima kila kitu mara tatu, neno lile nililipokea mara moja tu. Katika maisha yangu nimeshuku kila habari njema. Mbaya nimekuwa nikizimeza bila kuzipima.

Jioni nilimweleza mama mdogo yote, kuanzia mwavuli mpaka karanga. Nilitarajia anitanie.

"Kumbe kilikuwa na ndevu," akasema taratibu, akanisogezea kiti. Nikalia. Nililia kwa sababu mtu alikaa kwenye benchi dakika ishirini na tano akinisubiri, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara namhesabia. Na maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa matusi, yameandikwa kwa penseli kwenye mali ya umma.

Hayo ndiyo yaliyonirudisha maktabani Jumanne. Sikuweza kuyaacha yakae mle. Nilinunua kifutio kipya, nikaketi kiti kingine, si kile, nikafungua ukurasa wa mia moja themanini na nane.

Chini ya maneno yangu palikuwa na mwandiko wake.

"Basi isipite. Ila fundi bomba hakuua mtu. Jumanne."

Nilisoma mara tatu. Jumanne ilikuwa leo. Vinyweleo vilinisimama kuanzia mikononi hadi kisogoni. Nikainua macho polepole kutazama dari, na nakiri kwamba nilikuwa nasikilizia chafya.

Dari ilinyamaza. Basi akili yangu ikarudi kwenye njia zake: kuna mtu anaghushi mwandiko wa marehemu. Nikasimama, nikaenda kwa mkutubi na kitabu kikiwa wazi.

"Nani ameandika hapa leo?"

"Mwenzako."

"Mwenzangu amekufa!"

"AMEKUFA LINI?" akapaza sauti mkutubi.

Maktaba nzima iligeuka. Bwana mmoja aliyekuwa anasoma gazeti alishusha karatasi yake, akasema, "Shh."

"Wewe mwenyewe uliniambia ametangulia!" nikasema.

"Ametangulia kurasa, mama! Kurasa! Mlikuwa mnakwenda sawa, Jumamosi akasema amechoka kukusubiri, akaruka mpaka sura ya ishirini na mbili! Jana kasafiri kununua springi, leo asubuhi alikuwa hapahapa!" Mzee alikuwa anahema. Nadhani alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu harusi yake.

Sikumbuki kama niliaga. Nilikuwa nusu njia ya kwenda sokoni nilipogundua bado nimeshika kitabu. Nilikuwa nakimbia na mkoba wangu wa mawe ya mizani ukinigonga pajani, na watu wakaficha vitu vyao wakidhani ni msako.

Kwenye bucha lake muuza nyama alikuwa amejibanza nyuma ya paja la ng'ombe.

"Mkaguzi!" akaninong'oneza. "Yule uliyesema ametangulia... kafungua kibanda!"

"Nimesikia."

"Kanisalimia kwa jina langu!"

Kibanda kilikuwa wazi. Fundi mizani alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, mizani tatu zimepangwa mbele yake, zile zile nilizozikataa. Aliponiona alisimama.

"Mkaguzi. Wewe hunikimbii?"

"Kwa nini nikukimbie?"

"Tangu asubuhi hakuna mtu aliyevuka kizingiti hiki. Muuza nyama ameniuliza kupitia dirishani kama kuna kitu nilisahau. Muuza ndoo kataka kujua kama huko ni pazuri." Akanitazama mkoba, kitabu, jasho. "Kuna jambo?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Yaliyotoka ni haya:

"Nilikuwa napita tu."

Alifumba macho, akakunja pua. "Haachya!"

Ilikuwa chafya ya bandia, mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Uso ulinipata moto.

"Haya," nikasema. "Niliambiwa umetangulia, nikadhani umekufa. Sokoni nimeeneza mimi. Alhamisi nilikuja. Nilikuwa nyuma ya ubao wa matangazo. Nilikuona, nikakuacha ukae, nikaandika yale. Nilidhani unatafuta muhuri. Jana nililia. Basi, nimemaliza."

Alisogeza stuli, akaifuta kwa kitambaa. Kisha akasema, "Mkaguzi, muhuri ndicho kitu pekee nilichokuwa sikitaki."

Sikumwelewa. Na mimi nisipoelewa, nashuku. Aliona, akatabasamu kwa shida, akanyoosha mkono.

"Naomba jiwe lako la nusu kilo."

Hilo simpi mtu. Nilimpa. Akaligeuza juu chini na kuliweka kwenye kiganja chake cheusi kwa grisi. Mawe yale ya chuma yana tundu chini, na ndani ya tundu kinagongwa kizibo cha risasi, ndicho kinachokamilisha uzito. Kizibo changu kilikuwa kimemeguka. Nusu ya tundu ilikuwa wazi, na ndani yake kumejaa vumbi la mkoba wangu. Akaliweka jiwe kwenye mizani ya kwanza: gramu mia nne tisini na nane. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Kisha akachukua jiwe lake mwenyewe, akalipitisha kwenye zote tatu. Mia tano, mia tano, mia tano.

Nilitazama ile sindano mpaka ikaacha kutetemeka. Miaka kumi na saba natembea na jiwe lile mkobani. Nilikuwa nimechungulia chini ya sahani za mji mzima, chini ya jiwe langu sikuwahi.

"Tangu lini unajua?" nikamwuliza.

"Tangu mizani ya kwanza. Uliliweka hapa mezani likaanguka ubavu, nikaona tundu."

"Na wenye mizani? Watu wamekaa mwezi mzima bila vyombo vyao vya kazi kwa ajili yako!"

"Niliwaazima vya kwangu. Waulize."

"Nitawauliza." Na nilimaanisha. "Na kwa nini hukuniambia?"

Fundi mizani alianza kukunja kile kitambaa chake. Alikikunja mara mbili, mara nne.

"Nilisahau," akasema.

Mara tatu nimekataa. Mara tatu nimerudi kupima upya, na kila mara nimekaa kwenye stuli hii karibu saa nzima, nikinung'unika, yeye akiniambia karibu tena. Nilikunja pua, nikafumba macho.

"Haachya," nikasema. Chafya za bandia sizijui, ilitoka kama kikohozi cha mbuzi.

Akainua kichwa.

"Bomba haliharibiki mara tatu hivihivi, fundi," nikamwambia.

Aliinamisha uso, na nikaona masikio yake yanavyocheza kwa aibu, mtu mzima mrefu vile. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa na furaha kiasi cha kutojua niweke wapi mikono. Basi niliipa kazi. Nilitoa kitabu changu cha karatasi za kukataa, nikajaza: jiwe la nusu kilo, mali ya mkaguzi, pungufu gramu mbili. HAPANA. Mistari miwili chini. Nikachana, nikampa anishuhudilie kwa sahihi. Alipomaliza niligonga muhuri kwenye mizani zake tatu, moja baada ya nyingine, nikitumia jiwe lake.

"Sasa sina sababu ya kukurudisha hapa," akasema.

"Karanga ziko wapi?"

"Zipo. Sijazigusa."

"Na muuaji? Wewe si umeshafika ishirini na mbili, utakuwa unajua."

"Sijui. Zimebaki sura mbili. Nilishindwa kuzimaliza peke yangu."

Nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano za chakula cha mchana, na mkutubi alikuwa anangoja kitabu chake. Fundi mizani alichukua pakiti ya karanga kwenye rafu, akafungua mlango akaushikilia, akanipisha kwa adabu zake zile.

"Tangulia, mkaguzi."

Nje, soko zima lilikuwa limesimama likitutazama. Muuza nyama alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Neno hilo usilirudie tena mbele yangu," nikamwambia, nikamshika mkono na grisi zake zote. "Twende pamoja."